Malipo ya hoteli ya Chicago: tuthibitishe kabla ya Alhamisi

Wapendwa ndugu wa kikundi cha safari ya harusi, nawasalimu kwa heshima.

Shemeji yetu aliyeko Chicago amepata kwenye kadi yake ya mkopo ofa ya hoteli tuliyoichagua: akilipa dola 300 au zaidi kwa mara moja, dola 60 zinarudishwa. Mke wake anayo ofa hiyohiyo, na kwa kuwa kila kadi hurudishiwa mara moja tu, vyumba vyetu viwili vitalipiwa kila kimoja kwa kadi tofauti.

Naomba tuwe waangalifu. Ofa huwashwa kwanza kwenye programu ya benki, kisha chumba hulipiwa kwenye tovuti ya hoteli yenyewe, si kwa wakala. Inaisha tarehe 30, nasi tutafika mwezi unaofuata, hivyo tukisubiri kulipia mapokezi tutaikosa. Lakini malipo haya ya mapema hayarudishwi mtu akighairi. Asiye na viza mkononi aniambie sasa, wala asione haya.

1. Kila mmoja wetu wanne alete dola 160 Jumamosi saa tisa alasiri, nyumbani kwa Mama Mwenyekiti, Kamalondo. Noti ziwe safi, maana hata mpasuko mdogo pembeni hukataliwa.
2. Andikeni hapa majina yenu kuthibitisha kabla ya Alhamisi jioni.

Fedha zitakazorudi huonekana kwenye taarifa ya kadi baada ya wiki kadhaa. Kila mmoja atapewa dola 30 zake.

Asanteni sana, nasubiri majibu yenu.