Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mabwawa, Mionzi na Mayai ya Perege

Assalamu alaykum ndugu wanachama, wafugaji wa samaki,

Hesabu atazisoma mshika fedha, na wanaodaiwa ada wanajijua. Tuta lililobomolewa na masika limeshajengwa upya. Nafasi yangu naomba niitumie kwa jambo lililotukosesha wateja mwaka huu, nalo ni uvumi kwamba samaki wana mionzi ya nyuklia.

Tangu Agosti 2023, Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, simu zetu hazijatulia: leo sauti, kesho picha ya samaki mwenye vichwa viwili. Mwaka huu maneno yakafika sokoni Chake Chake. Mteja anamshika perege, anamfunua shavu kuangalia wekundu, anaridhika, kisha anauliza kama hana mionzi na kumrudisha kwenye beseni. Perege wa bwawa la chemchemi, hajawahi kuiona bahari!

Kamati ikaona bora tulisome jambo lenyewe.

Nianze na lililotushangaza. Maji yakichafuka kwa sesiamu-137, chembe ya mionzi itokayo kwenye vinu vya nyuklia, kwa kiasi kile kile, samaki wa maji baridi huibeba kwa wingi kuliko wa baharini. Mwili huipokea sesiamu kana kwamba ni potasiamu, madini ambayo mwili unayahitaji. Bahari ina potasiamu tele, kwa hivyo sesiamu hupata nafasi ndogo. Maji ya ziwa yana potasiamu haba, na samaki wake hushika kila kidogo anachopata wala haachii upesi. Anayekula samaki wenzake hulimbikiza zaidi. Na sesiamu yenyewe haina haraka: hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi.

Mfano mkubwa ni Chernobyl, Ukraine, kinu cha nyuklia kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986. Katika bwawa la kupozea kinu, baadhi ya samaki wa jamii ya kapi (samaki wa maji baridi) walikutwa na kasoro kwenye viungo vya uzazi, wengine tasa. Miaka mingi baadaye watafiti walivua katika maziwa ya Ukraine na Belarus, matokeo yakachapishwa 2018. Samaki walikuwa wamekua vizuri, ukiwatazama huoni kasoro. Lakini perchi, samaki wa maji baridi wa huko anayekula wenzake, katika maziwa yenye mionzi mingi mayai yao yalichelewa kukomaa. Rochi, samaki wa aina nyingine walio katika maji hayo hayo, hawakuonyesha kasoro hiyo. Ama wale kambare wakubwa wa Chernobyl mnaotumiana video zao, hawakunenepeshwa na mionzi. Hakuna anayewavua, basi wanazeeka kwa raha zao.

Sisi Tanzania hatuna kinu cha umeme wa nyuklia, na mabwawa yetu yanajazwa na chemchemi na mvua. Perege wakikutwa wanaelea alfajiri, tazameni kwanza upungufu wa hewa majini na chakula kilichooza chini, kabla ya kuitaja Fukushima.

Wako waliopendekeza tubandike kibao sokoni: "Samaki wasio na mionzi". Nilipinga na bado napinga. Nyama ya kila samaki ina potasiamu-40 ya asili, inayotoa mionzi kidogo tangu dunia iwepo; kibao hicho kitakuwa uongo. Afadhali tupeleke sampuli Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, ambayo ina ofisi hapa Zanzibar, tuwe na karatasi yenye kiwango kilichopimwa. Kamati inaomba ridhaa yenu leo kwa gharama hiyo.

Ombi la pili ni daftari. Huko Chernobyl kasoro ilijificha kwenye uzazi, samaki wenyewe wakiwa wanono, nasi hapa tunaandika kilo tu. Perege jike hulea mayai mdomoni. Mkivuta wavu mkaona koo limevimba, mfunueni mdomo taratibu juu ya ndoo ya maji, muandike mlichokiona: mayai ya manjano yaliyo hai, au meupe yaliyokufa. Maji yakiingiwa na kitu, hata ikiwa ni dawa ya shambani iliyoteremka na mvua, hapo ndipo tunapoweza kukiona mapema. Madaftari yako kwa katibu, moja kwa kila bwawa. Mwenye mabwawa mawili achukue mawili.