Dilei yako inagombana na chapuo

Tanga, Jumanne usiku

Ndugu yangu Athumani,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na shemeji na watoto hawajambo. Huku kwetu twamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana, na Mbwana anakukumbusha ule waya wake mrefu, usijifanye umesahau.

Najua nimekaa kimya. Ile rekodi ya arusi ya Likoni nimeirudia mpaka mke wangu kaniuliza kama naidai pesa. Uliniuliza neno moja tu juu ya kinanda chako, "mbona haikai?", na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa sauti ya dakika moja kwenye watsapu huku unaendesha pikipiki. Basi kaa kitako.

Vidole vyako havina neno. Kinachogomba ni dilei, ile ifekti ya kurudisha mwangwi, kwenye chakacha. Sikiliza pale Mwanaidi anapomaliza ubeti wa pili, ukaingia na ile sauti uliyoitengeneza mfano wa taishokoto, kile kinanda cha nyuzi cha taarabu. Ngoma zinakwenda sita kwa nane: kila pigo kubwa, lile wanalolikanyagia wachezaji, limebeba vipande vitatu ndani yake. Wewe kitufe cha mwendo kwenye Nord, hicho kinanda chako, umekigonga mara mbili kwa kila pigo kubwa. Nimepima: wimbo uko kwenye mapigo 80 hivi kwa dakika, kwa hiyo pigo moja ni milisekunde 750. Vipande vya chapuo, ile ngoma ndogo, viko 250 na 500. Mwangwi wako unadondoka 375, katikati kabisa ya viwili hivyo, mahali ambapo hapana ngoma wala kiuno. Chapuo anasema lake, kinanda kinasema lake, na Mwanaidi wa watu anaimba huku amekunja uso. Mimi nilidhani kakasirikia malipo.

Sasa fanya hivi. Ngoma zikiwa zinakwenda, gonga kile kitufe mara tatu, kwa nafasi sawasawa, ndani ya mapigo makubwa mawili. Hapo dilei inasimama kwenye 500. Utasikia mwangwi unatembea tatu juu ya mbili za wachezaji, na ule mvutano si mgeni pwani hii, wazee wetu wameucheza kabla umeme haujafika kwao. Ukiiweka 250 pia haikosei, ila inajaza kila tundu, na wewe tayari una mkono wa kushoto usiojua kunyamaza. Usinune, ni kweli.

Marudio yawe mawili, au matatu ukitaka kujionyesha. Zaidi ya hapo unamla mwimbaji maneno. Na ujazo wa dilei uushushe mpaka mtu aliyekaa mezani asiweze kuyahesabu marudio, ila ukiizima aone kuna kitu kimeondoka.

Halafu ukumbi. Ukuta wa nyuma pale, kwa nilivyouona kwenye picha, hauko chini ya mita 20 kutoka jukwaani. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ikienda na kurudi ukuta wenyewe umekupiga mwangwi wa milisekunde zaidi ya 100, bure, bila kugusa kitufe. Wewe juu yake ukaweka riva, ile ifekti ya mvumo wa ukumbi, tena kubwa ya kanisa. Ya nini? Riva izime kabisa kwenye kumbi kama zile. Ukipiga hotelini kwenye mazulia na mapazia mazito, hapo washa.

Nilitaka kukwambia pia kuhusu... ngoja, kwanza hili la Rhodes, maana Mbwana amecheka mpaka basi. Kwenye ule wimbo wa polepole wa kumtoa bibi arusi, Rhodes yako, ile sauti ya piano ya umeme, inakuja, inapotea, inakuja, inapotea. Hiyo ni ile ifekti ya kuhamisha sauti kushoto na kulia. Kwenye hedifoni zako nyumbani ni raha tupu. Rhodes za Suitcase za zamani ziliijenga sauti hiyo kwa spika zao wenyewe, zikiirusha upande huu na huu. Lakini fundi mitambo wenu kachukua waya wa kushoto peke yake akaupeleka kwenye mikisa. Sauti ikihamia kulia, haina pa kwenda. Mwambie achukue nyaya zote mbili, na spika za ukumbi zigawanywe kweli kushoto na kulia. Akikataa, na atakataa, weka tremolo. Yenyewe inapandisha na kushusha sauti papo hapo ilipo, hata waya mmoja unaitosha. Dilei ya kuruka pande mbili nayo, kwa waya mmoja, usiithubutu.

Korasi uliyoiweka kwenye ile taishokoto nimeipenda sana. Taishokoto yenyewe ina nyuzi zaidi ya moja zilizofungwa kwenye sauti moja, na hazilingani sawasawa kamwe, ndiyo maana inalia vile. Korasi inafanya karibu kazi hiyo hiyo: inachukua nakala ya sauti, inaichelewesha kidogo sana, na ule ucheleweshaji unayumba, basi nakala inapanda na kushuka pembeni ya ile halisi. Iache ilivyo, izunguke taratibu. Feiza, ile ifekti ya kuzungusha sauti, uiondoe. Sauti inapita kwenye feiza ndipo inafika kwenye dilei, kwa hiyo kila mwangwi unarudi umebeba mzunguko wake, na ukumbi mzima unaanza kuogelea. Feiza ni ya Rhodes. Wawekee wale vijana wa zilipendwa, watakupenda.

Narudi kwenye dilei, samahani, imenikaa kichwani. Mpigaji chapuo wenu akichangamka wimbo unakimbia, na dilei haijui. Kufika ubeti wa mwisho nahisi mlikuwa kwenye 86 au 88. Zoea kugonga upya kila Mwanaidi anapovuta pumzi kati ya beti. Mkono wa kushoto ndiyo upate kazi ya maana.

Haya yote, bwana, nayasema pia kwa faida yangu. Mjomba wa Zubeda kaniita nipige arusi ya mwanawe Mombasa, Jumamosi baada ya Idd, na kinanda changu hakiwezi tena safari, funguo mbili za juu zimelegea. Nataka niazime chekundu chako kwa usiku mmoja. Nitakuja na waya zangu na kanyagio langu, sitafuta hata programu moja yako.

Basi nijibu haya. Jumamosi hiyo mna kazi, au kinanda kitakuwa nyumbani? Ule mfuko wake mgumu ulipona, au ndio ule uliokaliwa na Chitu? Mpigaji chapuo ni yule yule wa Likoni, na naye anaweza kuja, ukimwambia wewe? Mwanaidi alilipwa? Na hiyo 500 utaijaribu lini? Nirekodie, hata kwa simu, lakini usiiweke simu juu ya spika tena. Nijibu kabla ya Ijumaa, mjomba wa Zubeda anataka jina la mpigaji kwa maandishi na mimi bado sijamwambia kinanda ni cha nani.

Ndugu yako,
Saidi