Iron Maiden hawakuwa wameishiwa 1988

Mhariri,

Wiki iliyopita mwandishi wenu wa burudani alidai kwamba bendi ya hevi metali, yaani roki nzito ya magitaa, ikishaanza vinanda na nyimbo ndefu, ujue imeishiwa. Mfano wake ulikuwa Iron Maiden ya Uingereza na albamu yao ya 1988, Seventh Son of a Seventh Son. Nimepiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi hapa Dar kwa miaka 23, na albamu hiyo naijua vizuri mno kunyamaza.

Kanda yake niliipata kwa binamu yangu baharia, meli yao ilipotia nanga hapa 1989. Nyumba nzima tulikuwa na redio kaseti moja. Betri zikichoka tulizianika juu ya bati, na kanda tuliirudisha nyuma kwa kalamu ili tusizimalize. Kwa hiyo hakuna aliyeruka wimbo. Ulianza na gitaa kavu la mwanzo, ukapita nyimbo zote nane, mpaka gitaa lilelile na maneno yaleyale yarudi mwishoni. Ni hadithi moja: mtoto wa saba wa kiume, wa baba aliyekuwa naye wa saba, anayeona yajayo. Bibi yangu, ambaye Kiingereza hakukijua, nilipomsimulia alitikisa kichwa: "Maskini, katwishwa mzigo huyo."

Vinanda vimo, sikatai. Ila sikilizeni vimekaa wapi. Viko nyuma, vinajaza. Anayevuta gari bado ni Steve Harris na besi yake, kwa vidole vitupu, mwendo wa farasi uleule.

Kisha geuzeni kanda. Upande wa pili unafunguliwa na wimbo uliobeba jina la albamu, karibu dakika kumi. Nusu ya kwanza ni kishindo. Halafu kila kitu kinatulia, besi inatembea polepole, sauti inasema badala ya kuimba. Mkono wangu huwa unasimama hapo hata kama nafanya kazi nyingine. Nicko McBrain anakaza dramu kidogokidogo, magitaa ya Adrian Smith na Dave Murray yanapanda, na kuanzia hapo vyombo ndivyo vinavyoongea. Aliyekulia kwenye Msondo na Sikinde, bendi zetu za dansi, hawezi kuona ugeni hapo. Sisi wenyewe tunaimba taratibu kwanza, kisha chemko, ile sehemu ya kuchangamka, magitaa na tarumbeta zikachukua usukani.

Maneno ya kuishiwa tumeyasikia hata sisi. Siku bendi yetu ilipopandisha kinanda jukwaani kwa mara ya kwanza, mzee mmoja, mteja wetu wa kila Jumamosi, alibeba kiti chake akaenda kukaa nje kwenye vumbi. Iliniuma, kwa sababu tulikuwa tumefanya mazoezi miezi miwili tupate mahali pa kukiweka kile kinanda bila kuziba gitaa la rizimu.

Albamu hiyo ilishika namba moja Uingereza. Smith akaondoka, na 1990 bendi ikarudi kwenye nyimbo fupi kavu. Aliporejea 1999 pamoja na mwimbaji Bruce Dickinson, albamu iliyofuata, ya 2000, ilikuwa na nyimbo ndefu, na hawajaziacha tangu hapo. Nani anarudia kwa hiari jambo lililomwishia?

Ombi langu kwa mwandishi wenu ni aisikilize kwa mpangilio wake. Mwanangu alinipakulia kwenye simu, simu ikaanza na wimbo wa sita, nikamwambia azime. Akikosa pa kuisikilizia, kanda yangu bado inacheza. Sauti imefifia kidogo tu upande wa pili, pale panapotulia, kwa sababu ndipo nilipoparudia zaidi.

Mpiga besi,
Magomeni, Dar es Salaam