Ile laini bado iko kwa jina lako

Kayole, Jumapili usiku

Dadangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi hatujambo, ila mvua imetuchosha na njia ya kwenda steji ni tope tupu. Mama mguu umepona. Najua nimenyamaza tangu Pasaka, niwie radhi.

Nakuandikia kwa sababu ya laini ya simu ya kikundi, ile tunayowekea pesa zetu. Mpaka leo iko kwa jina lako, na nambari ya siri unaijua wewe peke yako. Alhamisi iliyopita Kadogo alikamatwa akibandika karatasi za mkutano wa maji. Saa tatu usiku tukaambiwa dhamana ni 10,000 taslimu. Kwenye laini mna 23,000! Tulikupigia mara kumi na moja, hupatikani, kisha nikakumbuka uko zamu ya usiku wodini. Sikulaumu hata kidogo. Tukachanga mlango kwa mlango. Yule mama wa chapati alifungua fundo la leso yake, akahesabu sarafu mojamoja juu ya meza yenye unga: 340. Kadogo alitoka saa saba usiku.

Tangu hapo sipati usingizi. Tunasema hatuna kiongozi, kumbe mwenye laini ndiye kiongozi. Mwalimu naye, kwa kuwa ufunguo wa chumba uko mfukoni mwake, ndiye anayeamua tukutane lini. Hakuna aliyewachagua, kwa hiyo hakuna siku iliyowekwa ya kuwapumzisha. Wewe umeubeba mzigo huo miaka miwili, umehama nao hadi Kisumu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza kama umechoka. Hilo linaniuma kuliko zile pesa.

Unakumbuka maandamano ya kupinga kodi ya Juni 2024: hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama? Tarehe 25 watu wakaingia Bunge, kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi Mswada wa Fedha. Kukosa kichwa kulitusaidia, maana hakukuwa na mtu mmoja wa kununuliwa ili wengine wanyamaze. Lakini orodha ya waliokamatwa na wasiojulikana walipo ilibidi mtu aishike, alale nayo, aamke nayo. Kazi ile haikujifanya yenyewe.

Mwalimu alitusimulia habari za Seabrook, kule New Hampshire, Marekani. Mwaka 1977 watu zaidi ya 1,400 walikamatwa wakipinga kujengwa kwa kituo cha nyuklia. Walikuwa wamejigawa vikundi vidogo vidogo, kila kikundi na msemaji wake. Msemaji hakuwa na ruhusa ya kuamua. Alipeleka neno la wenzake, akarudi na la wengine, na hata walipozuiliwa waliendelea kukutana hivyohivyo. Mimi nilipenda hapo: kazi ina mwenyewe, lakini amri haina. Na wamama wa chama cha kuchangiana pesa hapa plotini, si ndivyo wanavyofanya? Wiki hii daftari liko kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na hesabu husomwa kwa sauti kabla chai haijamiminwa.

Sasa tumekwama. Benki inataka cheti cha usajili chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwalimu anasema tuandike majina matatu ya karatasini tu, maisha yaendelee. Kadogo amekataa katakata. Anasema cheo cha karatasini hakikawii kudai kiti. Mimi niko upande wa Kadogo, ingawa zile 340 za mama wa chapati bado naziona… Nimependekeza laini izunguke kila miezi mitatu, na taarifa ya pesa isomwe kila mkutano. Wawili wamenyamaza, na ukimya wao sijauelewa.

Je, unaweza kumtumia Kadogo hizo pesa zote Ijumaa? Ataanza zamu yeye. Na kabla ya kukubali, niambie kweli: ulipokuwa na laini, ulihisi tunakuamini au tumekutupia? Kuna uamuzi uliowahi kuufanya peke yako kwa sababu sisi tulikawia? Ungekuwa hapa, ungetia sahihi karatasi ya benki? Na likizo yako ni lini, maana kitanda chako bado hakijalaliwa na mtu?

Wako,
jirani wa mlango wa buluu