Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kila kikohozi kina dawa yake

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima, mimi muuguzi wa zahanati, ngazi ya chini kabisa katika mpangilio wa wizara yako. Nina jambo moja. Anayekohoa akifika kwetu huondoka na antibiotiki, awe ana mafua, mkamba (maambukizi ya njia za hewa za kifuani), pumu au nimonia. Tofauti za magonjwa hayo tunazijua, tulifundishwa. Ila ukifungua kabati la dawa, mara nyingi hukuti kingine.

Mafua yana virusi zaidi ya 200 vinavyoyaleta, na antibiotiki kama amoksilini haiui hata kimoja. Mkamba unaomjia ghafla mtu mwenye afya nzuri nao mara nyingi ni wa virusi. Kikohozi chake huweza kukaa wiki mbili au tatu kisha kikaisha chenyewe. Lakini mgonjwa aliyemeza kapsuli akapona huamini kapsuli ndizo zilizomponya, na safari nyingine huja akizidai kwa jina. Wakubwa wetu huwalaumu wagonjwa na wenye maduka ya dawa kwa usugu wa vimelea, yaani vijidudu kutosikia dawa tena. Sisi tunaowazoeza wagonjwa hivyo hatutajwi sana.

Kwa nimonia, antibiotiki ni halali yake, pale inaposababishwa na bakteria. Kuitambua kwa mtoto anayekohoa hakuhitaji mitambo: unahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kifua kikiwa kinaingia ndani anapovuta hewa, hali ni nzito zaidi. Tatizo letu ni oksijeni. Midomo ya mtoto hubadilika rangi akiwa tayari ameshapungukiwa sana, na kwenye ngozi nyeusi ni rahisi kutoiona kabisa. Kifaa kidogo cha kubana kidoleni husoma kiwango cha oksijeni katika damu kwa muda mfupi, na kikionyesha chini ya asilimia 90 mtoto anahitaji oksijeni na rufaa bila kusubiri. Mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 walio chini ya miaka 5 duniani. Mei 2023 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziongeze upatikanaji wa oksijeni ya tiba. Azimio limepita, mtungi bado.

Sasa pumu, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Pampu za pumu ni za aina mbili. Kuna ya kufungua kifua, ya salbutamol: inalegeza misuli inayobana njia za hewa, mgonjwa anapata nafuu kwa dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita kazi yake imekwisha. Uvimbe uliomo ndani ya njia hizo haiugusi. Uvimbe huo, ambao ndio ugonjwa wenyewe, hutulizwa na pampu ya kuzuia yenye dawa ya jamii ya steroidi, kama beklometasoni, inayovutwa kila siku hata siku ambayo mtu anajisikia mzima. Sisi tunaletewa ile ya kwanza tu, na ikikosekana tunatoa vidonge vya salbutamol vinavyomwacha mgonjwa akitetemeka mikono na moyo ukimwenda mbio. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, wa GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa salbutamol peke yake. Dawa ya kuzuia imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo hatuombi anasa. Mgonjwa anayemaliza pampu ya kufungua kila mwezi yuko hatarini, na kumwongezea nyingine ya aina ileile ni kama kuzima king'ora na kuuacha moto.

Wapo wazazi wanaozificha pampu kwa kuamini kwamba ukishaanza huwezi kuacha. Hao tunaweza kuwaelimisha. Hata mtoto asiyeweza kuvuta dawa vizuri tunamtobolea chupa safi ya plastiki ya nusu lita, dawa ikapitia humo, na inafanya kazi. Pampu ya kuzuia ndiyo tusiyoweza kujitengenezea. Mwaka huohuo wa 2019 pumu iliua watu wapatao 455,000.

Kifua kikuu angalau kina mpango wake. Anayekohoa wiki mbili au zaidi tunamchukua makohozi. Akikutwa nacho anaandikwa daftarini, anapewa dawa, na akikosa kufika tunamtafuta. Natamani mwenye pumu naye angekuwa na daftari. Natamani pia angekuwa nalo aliyepona kifua kikuu akabaki na mapafu yenye makovu, anayerudi kila mara akihema huku makohozi yake yakiwa safi, na mama aliyevuta moshi wa kuni maisha yake yote, ambaye njia zake za hewa zimeziba na sigara hajawahi kuigusa. Mapafu ya huyu mama hayatarudi yalivyokuwa, lakini pampu ingempunguzia kuhema, na chanjo ya mafua makali ingemwepusha na vipindi vya kuzidiwa. Kwetu anapewa amoksilini.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba zahanati zipewe pampu ya kuzuia, kipima oksijeni cha kidoleni na daftari la wagonjwa wa kudumu wa mapafu. Utakapowasilisha bajeti ya dawa, weka hadharani idadi ya pampu za kuzuia zilizoombwa na vituo na idadi zilizonunuliwa, kila mwaka, kama mnavyofanya kwa dawa za kifua kikuu. Tutazilinganisha sisi wenyewe.

Wako katika utumishi,
Muuguzi wa zahanati