Deni la watazamaji: barua kwa mwanangu aliye Bagamoyo

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku sote wazima, mjomba wako anakusalimu, na dagaa mwezi huu si haba.

Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Kwamba mwalimu wenu wa uandishi alimtaka kila mmoja ataje mahali alipojifunzia hadithi, ukataja mieleka ya Kimarekani ya mama yako, ile ya kwenye video, na mwenzako akasema mieleka si hadithi wala si mchezo, maana mshindi anajulikana kabla kengele haijagongwa. Unaomba nikupe la kumjibu. Nitakuandikia kirefu, kwa sababu jambo hili ninalo moyoni tangu sijaolewa na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mkubalie mwenzako. Yamepangwa. Nani ashinde, nani ashindwe, kwa pigo gani na baada ya muda gani, yote yanaamuliwa kabla watu hawajakaa vitini. Hata tamthilia mnazoandika huko zimepangwa, na bado mnataka mtu atokwe machozi. Muulize hivi: anayepanga, akishaujua mwisho, anabakiwa na kazi gani? Utamu wote uko hapo.

Banda la video la mjomba wako lilikuwa huku huku Kirumba, mabenchi ya mbao, deki moja na televisheni moja juu ya meza ndefu. Mimi nilikaa mlangoni kupokea kiingilio. Anayekaa mlangoni anaona kioo na anaona watu, na mara nyingi niliwatazama watu: wavuvi, wabeba mizigo wa soko la Mwaloni, vijana waliotakiwa kuwa shule. Nikagundua kwamba hawapigi kelele ngumi inapotua. Wanapiga kelele kabla, wanapoiona inakuja. Na kelele kubwa kuliko zote ni ya ile ngumi waliyoingoja wakanyimwa, wakaingoja tena, ndipo wakapewa. Anayepanga mieleka anafanya biashara ya kungoja.

Kanda iliyonifumbua macho ilikuwa ya tamasha la mieleka liitwalo WrestleMania III, Machi 29, 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, jimbo la Michigan. Bandani kila mtu alilipa kwa ajili ya Hulk Hogan na Andre the Giant. Mimi niliondoka na pambano la kabla yao, Randy Savage na Ricky Steamboat wakigombea mkanda wa ubingwa ulioitwa Intercontinental. Savage ndiye bingwa, na ndiye adui. Mwishoni mwa 1986 alikuwa amepanda juu ya kamba akaruka na kengele ya ulingo mikononi na kumkandamiza nayo Steamboat kooni. Hadithi ikawa kwamba koo limepondeka. Steamboat akatoweka kwa muda, kisha akarudi na hesabu yake.

Sasa sikiliza walivyofanya kazi. Wanamieleka wengi wa wakati ule walikubaliana mwisho tu na mambo machache, mengine wakayapata humo humo ulingoni kwa kunong'onezana. Savage hakutaka hivyo. Yeye na Steamboat waliandika pambano zima hatua kwa hatua, wakazitia namba, wakawa wanaulizana: baada ya hii inafuata ipi? Yaani hili ndilo pambano lililopangwa kuliko mengine yote, na ndilo lililowasimamisha watu kuliko mengine yote. Chini ya dakika 15, na mwamuzi anahesabu moja, mbili (akifika tatu mabega yako yakiwa chini, umeshindwa), halafu bega linainuka, tena na tena, mpaka mtu anachoka kupumua. Mwisho wake nauona wa kifundi hasa: Savage anaifuata kengele ile ile apande nayo juu kama mwanzo, George Steele aliyekuwa upande wa Steamboat anamsukuma anaanguka, Steamboat anamkunja na kumbana, moja, mbili, tatu. Kengele iliyofungua deni ndiyo iliyolilipa. Mwenzako akisema alijua nani atashinda, mwambie hata angejua asingeweza kukaa.

Hilo la Hogan na Andre nalo usilidharau, ingawa mieleka yenyewe ilikuwa mizito na ya polepole. Walitangaza watu 93,173 uwanjani, idadi ambayo mpaka leo wapo wanaoibishia. Walitangaza pia kwamba Andre hajashindwa kwa miaka 15, na hiyo haikuwa kweli, lakini hadithi ilihitaji mlima usiopandika. Andre mwenyewe alikuwa mgonjwa. Maradhi yaliyomfanya awe jitu ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza, alikuwa amepasuliwa mgongo, na chini ya vazi lake alivaa mkanda wa mgongo wa kumsaidia kusimama. Akapanda hivyo, akakubali kuinuliwa na kubwagwa mbele ya umati ule wote, ili Hogan awe mkubwa kuliko alivyokuwa jana yake. Alifariki Januari 1993 akiwa na miaka 46. Watu husifu aliyeinua. Mimi namsifu aliyekubali kuinuliwa, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Ukiandika tamthilia, mpe heshima anayeshindwa. Mpe mwili, mpe sababu, mpe fahari. Adui dhaifu hamfanyi mtu yeyote kuwa stelingi.

Nije kwenye tambo. Wanamieleka hupewa kipaza sauti waseme watakachomfanya mwenzao, na wengi wanapayuka tu. Nenda kamtafute Dusty Rhodes, tambo zake za mwaka 1985 juu ya nyakati ngumu. Mpinzani wake ni Ric Flair, mtu wa suti, saa za dhahabu na magari marefu, na genge la Flair limemvunja Dusty kifundo cha mguu. Ungetegemea atishie kuua. Badala yake Dusty, mtoto wa fundi bomba, mnene, mwenye kithembe, anaanza kuzungumzia watu. Wafanyakazi wa viwanda vya nguo wasio na kazi wala cha kuwalisha watoto. Wa viwanda vya magari wanaoambiwa warudi nyumbani. Mtu aliyefanya kazi miaka 30 akapewa saa ya mkononi na kuonyeshwa mlango, kompyuta ikakaa mahali pake. Anamwambia Flair kwamba hizo ndizo nyakati ngumu, na kwamba amewaletea na wao kwa kumtoa yeye ulingoni. Halafu ananyoosha mkono kwenye kamera na kuwaomba watazamaji wauguse.

Hiyo niliiona baadaye sana, kwenye simu, nikiwa nimekaa juu ya magunia ya dagaa. Nilimkumbuka babu yako. Unajua alivyokuwa kiwandani, na unajua siku kiwanda kilipofungwa alivyorudi na sare yake imekunjwa vizuri kwapani. Babu hakuwahi kuonana na Mmarekani huyo, lakini yaliyosemwa yalikuwa yake. Mwanangu, tambo nzuri haimhusu anayetamba. Inamchukua mtazamaji inamwingiza ndani ya ugomvi, mpaka kushindwa kwa Dusty kuwe kushindwa kwake.

Na hapo hapo nikuonyeshe ubaya. Dusty ndiye pia aliyekuwa akipanga mapambano ya kampuni yao ya mieleka. Novemba 28, 1985, kwenye onyesho la Starrcade, akambana Flair, mwamuzi akahesabu tatu, watu wakarudi nyumbani na bingwa mpya. Baadaye ikatangazwa kwamba ushindi ni wa kuondolewa kwa Flair kwa kosa, kwa sababu watu wake waliingilia, kwa hiyo mkanda haubadiliki mikono. Mbinu hiyo ikarudiwa na kurudiwa mpaka ikapewa jina la Dusty. Mara ya kwanza inamtia mtu hasira ya kurudi wiki ijayo. Ukiizoea, mtu hashangilii tena hesabu ya tatu, anangoja kwanza asikie kama itafutwa. Hakuna hasara kubwa kuliko hiyo kwa anayeishi kwa kelele za watu. Aliyetamba kwa niaba ya waliodhulumiwa akawadhulumu mlangoni, na mimi nampenda Dusty, lakini hilo siwezi kumsamehe.

Unakumbuka tulipokupeleka Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma? Kundi la Wagika upande wao, Wagalu upande wao, wanacheza wakati mmoja, na watu wanatembea kutoka huku kwenda kule. Hakuna hakimu mwenye karatasi. Aliyevuta watu ndiye ameshinda, na kundi likiona watu wanahama linabadilisha, linaleta nyoka, linaleta fisi, linazua jambo. Mieleka inaishi kwa sheria hiyo. Ofisi inaweza kuamua nani avae mkanda, lakini nani ni mwema na nani ni mbaya wanaamua watu.

Ushahidi wake ni Bret Hart na Steve Austin, WrestleMania 13, Machi 23, 1997, karibu na Chicago. Bret aliingia akiwa ndiye mtu mwema wa miaka mingi. Austin aliingia akiwa mbaya, mtukanaji, asiyemheshimu yeyote. Lakini watu walikuwa wameshaanza kumpenda Austin bila kuruhusiwa, na Bret naye alikuwa amekuwa mtu wa malalamiko. Wapangaji waliwasikia. Pambano lilikuwa la kusalimu amri: ukisema basi, umekwisha. Bret akamkunja Austin miguu kwa mkunjo wake maarufu, damu ikamtiririka Austin usoni ikapita kwenye meno, na hakusema basi. Alizimia. Mwamuzi Ken Shamrock akasimamisha. Mshindi, Bret. Kisha Bret akaendelea kumpiga mtu aliyelala, na uwanja ukamgeuka pale pale, na Austin aliyeshindwa akaondoka kwa miguu yake mwenyewe huku wakiimba jina lake. Hakuna aliyetangaza kitu. Wema na ubaya ulibadilishana nafasi katika pambano moja, bila sentensi hata moja. Kwangu mimi hakuna kilichowahi kupangwa vizuri kuliko hicho, na ukinibishia nitabishana nawe mpaka uje likizo.

Sasa jambo linalotuhusu sisi wa ziwani. Kwenye kanda zile alikuwepo mtu aliyeitwa Kamala, jitu kutoka Uganda. Miguu mitupu, kitambaa cha chui, uso na tumbo vimechorwa rangi, mkuki, na msimamizi wa kumwongoza kwa sababu eti hajui hata namna ya kumbana mtu mabega. Alibuniwa Memphis mwaka 1982, na walimtungia kwamba aliwahi kumlinda Idi Amin. Hebu fikiria, hiyo ni miaka mitatu tu baada ya vita vya Kagera. Wakati huo huku kulikuwa na mama waliopoteza watoto katika vita hivyo, na Marekani jina la Amin limekuwa urembo wa tambo. Bandani watu walipiga kelele kila alipotokea, lakini walikuwepo Waganda waliokuja kununua samaki, na nakumbuka mmoja alivyogeuka kuangalia ukuta.

Mtu mwenyewe aliitwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi. Hakuwa na Uganda yoyote ndani yake. Alikuwa mtu mweusi mkubwa anayetafuta riziki, wakampaka rangi wakamnyima ulimi, kwa sababu Kamala hakuruhusiwa kuongea. Kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020. Simlaumu yeye hata kidogo, na mieleka yake ilitisha kweli. Lakini hilo ndilo jibu langu kwa wanaouliza kama mieleka ni uongo. Savage na Steamboat walipanga kila kitu na hawakudanganya mtu. Kamala ndiye uongo, maana waliochora uso ule hawakuwa na haja ya kumjua Mganda hata mmoja.

Ndiyo maana nililia Aprili 7, 2019. Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, ambaye alipoanza walimtangaza kuwa anatoka Jamaika, alimshinda Daniel Bryan kwenye WrestleMania 35 akawa bingwa wa kwanza aliyezaliwa Afrika wa WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani. Alikuwa na kampuni hiyo miaka 11. Hawakuwa wamempangia hilo. Februari mwaka ule aliingizwa kujaza nafasi ya mwenzake aliyeumia, watu wakaona anavyopigana, wakaanza kudai, na ofisi ikasikia. Wakamnyima kidogo, wakamwongezea vikwazo, na kila kikwazo kikawaongezea watu hamu. Kisha wakamlipa mbele ya watoto wake waliopanda ulingoni. Oktoba 4 mwaka huo huo wakampokonya mkanda kwa mikono ya Brock Lesnar ndani ya sekunde zisizofika 10. Kushindwa si tatizo, bingwa lazima ashindwe siku moja. Lakini Andre alipewa mlima mzima wa kuangukia, na Kofi hakupewa hata pumzi moja. Bado inaniuma.

Kazi yako sasa. Mwaka 1989 Flair na Steamboat walikutana mara tatu katika mapambano makubwa: Februari 20 Chicago, Aprili 2 New Orleans, Mei 7 Nashville. Tazama la New Orleans, la kushinda mara mbili kati ya tatu, linakaribia dakika 55. Usiruke kipande, usitazame huku unachati. Usiangalie nani anashinda, maana nimeshakuambia huko ofisini walikwisha kukubaliana. Weka daftari pembeni, uandike ni dakika ya ngapi ulipoanza kutaka Steamboat ashinde, na ni kitu gani hasa kilikufanya utake. Ukimaliza nipigie jioni, baada ya saa kumi na mbili, nikiwa nimeshafunga hesabu za Mwaloni. Nina dakika yangu niliyoiandika miaka mingi nyuma, na nataka nione kama yako ni hiyo hiyo.

Mama yako