Michoro ya jiji iwekewe maelezo

Mhariri, naandika kuhusu ile habari yenu ya michoro na sanamu za kupendezesha Mwanza. Naunga mkono, ila jamani mchoro usio na maelezo watu wanapiga selfi wanasepa.

Nendeni Bujora pale Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma kuna jengo limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi, usipoelezwa unadhani ni mbwembwe za fundi tu, kumbe ni utawala mzima umekaa pale. Hata mitumbwi ya Kirumba, majina na rangi zake wenyewe wanajua kwa nini (ukiuliza utapigwa stori mpaka dagaa wakauke).

Sasa jiji liweke kibao kidogo kila mchoro, Kiswahili na Kisukuma, na wazee waulizwe kabla fundi hajashika brashi.

Msomaji wenu,
Nyamanoro, Mwanza